Siku Niliyombatiza Ndugu Yangu

Nilikuwa mtoto wa miaka tisa nilipombatiza ndugu yangu, na kwa muda mrefu niliamini kwamba hicho ndicho kilichomuua.

Tuliishi nje ya Kitengela, kabla nyumba za kupangisha hazijafika huko. Mama alitoka Kiambu akaolewa kwa Wamaasai, naye ndiye aliyetuingiza kanisani. Nyanya yangu mzaa baba, tuliyemwita Kokoo, hakuwahi kutuzuia. Jumapili asubuhi alitupaka mafuta miguuni yeye mwenyewe ili tusiende kwa Mungu tumepauka. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakutaka mchezo nalo: mtoto mchanga hatajwi jina mpaka kitovu kianguke. Anaitwa "mgeni" tu. Kifo kina masikio, alisema. Mtoto asiye na jina, kitamwitaje? Sikuwahi kumuuliza alijuaje. Nilikuwa mtu mzima nilipoambiwa kwamba alizika watoto wake wawili, wote wakiwa wametajwa mapema.

Ndugu yangu alizaliwa nyumbani kabla ya wakati wake, wiki ya mvua kubwa. Udongo wetu mweusi ukilowa, hata trekta inakwama. Siku ya tatu asubuhi aliacha kunyonya. Pumzi ilikuja, ikapotea, ikaja tena. Baba akatoka kwa miguu kutafuta gari la kutupeleka hospitali. Kokoo akaenda kukamua ng'ombe. Mama alikuwa amelala akielekea ukutani, hajasema kitu tangu alfajiri. Nikabaki mimi na mtoto.

Wakati huo nilikuwa kwenye mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Katekista wetu, Mwalimu Veronika, alitufundisha sakramenti zote saba, lakini iliyonishika ni ubatizo, kwa sababu ya neno moja alilosema: "Mtu akiwa karibu kufa na padre hayuko, yeyote anaweza kumbatiza. Hata wewe. Maji na maneno, basi." Padre alikuja kigangoni kwetu mara moja kwa mwezi, na kwa matope yale asingefika.

Nikachota maji ya mvua kwa kikombe cha chai. Yalikuwa baridi, nikayashika kidogo kwenye kiganja yapate joto. Nikammwagia kwenye paji la uso mara tatu.

"Petro, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Akakunja uso. Nilifurahi sana, nilidhani ameanza kupona.

Nilipogeuka, Kokoo alikuwa mlangoni na kibuyu cha maziwa.

"Umemwita nani?"

"Petro."

Hakunipiga. Aliweka kibuyu chini, akamchukua mtoto kifuani, akaanza kumwambia kwa Kimaasai, haraka haraka, kama mtu anayefuta kitu: wewe si Petro, wewe ni mgeni, wewe ni mgeni.

Alikufa kabla ya saa sita mchana. Baba alifika na gari la jirani, limejaa matope mpaka kwenye vioo, na Kokoo akamwambia nikiwa nimesimama hapo hapo, "Huyu msichana amemtaja."

Baba aliniangalia, kisha akatoka nje. Mama hakusema neno.

Hawakunigombeza baadaye. Kokoo aliendelea kunimiminia chai kama kawaida. Ila jirani akijifungua, wengine wote walienda kuona mtoto, mimi nikaambiwa nibaki na mbuzi.

Siku ya kuungama mara ya kwanza niliacha zile dhambi tulizofundishwa kutaja. "Padre, niliua ndugu yangu," nikasema, kisha nikamweleza yote. Akauliza:

"Ulimwaga maji? Ukasema maneno?"

"Ndiyo, Padre."

"Basi hukuua mtu. Ulimbatiza Mkristo."

Nilitoka pale nikiwa mwepesi. Wepesi huo ulinifikisha nyumbani tu, kwa sababu Kokoo hakuwa amemsikia padre, na mimi sikuwa na ujasiri wa kumwambia.

Kokoo ameshafariki. Mwaka jana Mama aliugua sana, tukamwita padre aje kumpaka mafuta ya wagonjwa. Padre alipoondoka, Mama akanishika mkono.

"Ile siku ya Petro, nilikuwa macho."

Sikumwelewa.

"Nilikusikia. Nikasema amina kwa roho. Nilitaka kumbatiza mimi mwenyewe tangu usiku, nikaogopa mama ya baba yako. Halafu ukafanya wewe. Alipokusema kwa baba yako, nikaona wacha lawama ikae kwako. Wewe ni mtoto, utasahau."

"Sikusahau, Mama."

"Najua. Nilikuwa nakuona."

Alipona, na hatujalizungumzia tena. Sijiulizi tena kama jina linaweza kuua. Ninachojiuliza ni jinsi mama anavyoweza kumwangalia mtoto wake miaka yote hiyo akibeba kitu ambacho neno lake moja lingekiondoa. Kisha nakumbuka kwamba alikuwa na miaka ishirini na minne, katika nyumba ya wakwe, damu ya uzazi bado inamtoka, na mtoto wake amekufa. Hapo hasira inapungua. Haijaisha bado.