Jina la Mwisho Ndani ya Wimbo

Mimi ndiye niliyeurekodi ule wimbo, na sitajisafisha. Studio yangu ni chumba kimoja tu hapa Kamembe, nyuma ya duka la mshonaji, na ukutani nimepigilia magodoro ili kuzuia kelele za cherehani.

Rafiki yangu alikuwa ametoka gerezani wiki ile ile tuliyoanza kurekodi. Kabla ya kufungwa, hakukuwa na rapa wa kumfikia huku kwetu. Hata wanafunzi wa Mururu na Giheke walikuwa na mistari yake kichwani. Kisha akashikwa akiendesha gari lenye magunia ya sambaza, wale dagaa wetu wa ziwani, na chini ya dagaa kulikuwa na madini yasiyo na karatasi. Mahakamani akaulizwa mzigo ni wa nani. Akasema ni wake. Sote tulijua anadanganya, ila mwenye mzigo hatukumjua. Akafungwa miaka minne.

Albamu ya kurudi tuliimaliza haraka. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko zamani, na nakiri nililewa nayo. Wimbo wa mwisho ulikuwa wa shukrani, na huku kwetu mwanamuziki hushukuru kwa libanga: analitaja jina la mtu katikati ya wimbo, na mtu huyo anatembea kifua mbele mwaka mzima. Alimtaja dada yake, akamtaja jirani aliyempelekea sabuni gerezani. Mwishoni akamtaja tajiri mmoja wa Bukavu, akaeleza kwamba alimletea mama yake gunia la unga kila mwezi, tangu siku ya hukumu.

Mimi nilikuwa nasikiliza kama pumzi yake inagonga maikrofoni. Maneno niliyaacha yapite. Ndivyo tulivyo mafundi wa sauti, na ni upumbavu mtupu.

Wimbo ulipotoka, ulipigwa kila duka. Siku ya tatu mshonaji alisimamisha cherehani, akaniuliza dirishani, "Papa, ule tajiri wa Bukavu alikuwa analisha maman yake juu ya nini?"

Kama mshonaji ameuliza, wangapi wengine wameshauliza?

Nikamkimbilia rafiki yangu. Nilimkuta anapiga pasi shati jeupe, amefurahi sana. Tajiri alikuwa amempigia simu: avuke daraja la mpakani, aende Bukavu akapokee shukrani mkono kwa mkono.

"Usiende," nilimwambia. "Umeonyesha bantu mwenye muzigo."

"Nilifunga kinywa myaka ine, kaka. Ataniogopa juu ya nini?"

"Basi avuke yeye, akuje huku."

"Ule iko muntu mukubwa. Mi njo naenda kwake."

Nilimsindikiza hadi darajani nikimtukana njia nzima, mjinga we, kichwa maji we, kwa sababu nilikuwa naogopa. Akanipiga bega, akavuka. Ilikuwa asubuhi, jua linawaka, na shati lake niliweza kuliona hadi ng'ambo.

Hakurudi. Simu yake haiiti tena. Mwisho wa mwezi nilikuwa kwa mama yake gari la unga lilipofika. Safari hii walishusha magunia mawili.

Mama akapiga makofi. "Unaona, papa? Balimupokea muzuri! Angalia, banaongeza."

Akaniomba nimsaidie kuyaingiza ndani. Niliyabeba yote mawili, moja baada ya jingine.