Jicho la Lori Sebuleni Kwetu

Mama yangu alikuwa mchoyo wa moto. Si mchoyo wa chakula, maana hata mgeni aliyepotea njia alikula kwetu mpaka akasahau alikokuwa anakwenda. Wala si mchoyo wa maneno, Mungu ndiye shahidi. Moto tu. Kambini Tanzania, nilikokulia mkimbizi, kuni zilikuwa za kuhangaikia, basi wanawake walifundishana kufinyanga majiko ya udongo yanayoumeza moto wote tumboni, na mama akawa bingwa wao. Alichemsha maharage kwa vijiti ambavyo mwingine angechokonolea meno. Ugali ukishaiva tu, anachomoa kijiti, anakizima kwenye majivu na kukiweka akiba. Kuna vijiti vilikaa kwetu mpaka tukavizoea kama ndugu.

"Moto mzuri," alikuwa akisema, "ni ule ambao jirani hajui kama unao."

Sasa Mungu naye ana mizaha yake. Mwanamke huyo akamwoza kwa mwanamume ambaye starehe yake pekee duniani ilikuwa kukaa mbele ya moto na kuutazama. Baba hakunywa pombe, hakucheza karata, mpira ulimpa usingizi. Lakini mweke mbele ya gogo linalowaka, hapo utamwona mtu! Anakunja mikono, anatikisa kichwa, mara anacheka peke yake, mara anasema "Aha!" kana kwamba moto umemjibu. Kambini alivumilia, kwa kuwa wote tulivumilia. Alijiahidi kwamba siku tukirudi kwetu atauona moto mpaka macho yamchoke.

Amani ikaja, tukarudi. Tulianzia Muyinga mjini, tukapanga chumba karibu na soko, kwa mzee mmoja Mwislamu, fundi wa kuchomelea vyuma. Baada ya muda mimi nikapata kazi ya kushona Gitega, nikawachukua wazazi wangu, tukahamia mtaa wa Musinzira. Na Gitega, jamani, kuna baridi. Mwezi wa saba unaamka asubuhi, unaona moshi, unauliza nani kawasha moto mapema hivi, kumbe ni pumzi yako mwenyewe.

Mama akaingia kazini. Alikanda udongo wa kichuguu na nyasi zilizokatwakatwa, akajenga jiko sebuleni, kwenye kona inayotazamana na mlango, lina kuta nene kuliko za nyumba yenyewe, na bomba la moshi limetokea ukutani. Mdomo wake aliuziba kwa kifuniko cha udongo. Kila jioni, kabla ya kuliwasha, alifunga mlango, akafunga dirisha, akavuta pazia. Kisha anaingiza vijiti vyake, na jiko linashika joto mpaka alfajiri. Kusema kweli lilikuwa jiko la ajabu. Paka wa majirani wote walihamia kwetu.

Baba alikaa mbele ya lile lundo la udongo siku chache, uso umemshuka.

"Joto nalisikia," akasema, "ila moto siuoni. Nitajuaje kama si homa?"

"Ukitokwa jasho, nishukuru," mama akamjibu.

"Bibi wee, nimerudi nchini kwangu kuja kutazama udongo?"

"Katazame mlima basi. Nao ni udongo, ila mkubwa."

Siku iliyofuata, jua lilipozama, baba alivaa koti na kofia akatoka. Na kesho yake vilevile. Na siku zilizofuata. Anarudi usiku umeshaingia, ananuka moshi na mafuta, amefurahi. Mama hakuuliza kitu, na mama kutouliza kitu ni jambo la kuita majirani waje kushuhudia.

Majirani ndio waliotuambia. Huko Yoba, mtaa wa jirani, palikuwa na mjane mmoja mkaanga mandazi, aliyepika nje, mafiga matatu, kuni za mkaratusi, ndimi za moto zinapanda mpaka usawa wa kifua. Mzee wetu alikuwa na kigoda chake pale. Baba alisema anatazama moto. Mtaa ulisema anatazama mwingine. Lisemwalo lipo, wakasema, na kama halipo laja.

Hapo ndipo mimi, mtu mzima na cherehani yangu na wateja wangu wa harusi, nikageuzwa askari kanzu.

"Nenda Yoba ukaazime chumvi," mama ananiambia.

"Mama, chumvi ipo."

"Nimekuuliza kama ipo?"

Nikaenda kuazima chumvi. Kesho yake chumvi. Keshokutwa chumvi. Mjane, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kutingisha karai, akanitazama na mwiko wake mkononi. "Dada, kwenu mnakaushaka samaki? Chumvi yote hii inaenda wapi?" Baba alikuwa kwenye kigoda chake, macho motoni, hata hakugeuka. Naapa, yule mjane angeweza kuondoka akawekwa mbuzi mahali pake, na baba asingejua. Nikarudi nikaripoti hivyo.

"Mbuzi!" mama akasema. Lakini usiku ule alivunja kijiti mara nne badala ya mara mbili, na nilimwona akifuta macho akisingizia moshi, wakati jiko lake halikuwahi kutoa moshi ndani tangu lijengwe. Nikaingiwa na hofu ya kweli. Watu hawa wawili walivuka mpaka pamoja, wakazika watoto pamoja, wakarudi pamoja, na sasa wanakwenda kuachana kwa sababu ya ndimi za moto!

Jumapili, baada ya misa, wakagombana mpaka kuku wakatoka nje.

"Unataka kuuona moto?" mama akapiga kelele. "Haya, nitakuwekea dirisha kwenye jiko, uvute na kiti, uchungulie kama mmbeya!"

Alikuwa anamkejeli. Baba alisimama wima kama mtu aliyeitwa kupokea zawadi. "Dirisha," akasema polepole. "Bibi, una akili wewe."

Kabla ya saa sita alishang'oa kioo kimoja cha dirisha la chumbani kwangu, chumbani kwangu mimi, na kukipachika kwenye mdomo wa jiko kwa udongo mbichi. Tuliuona moto kwa muda wa kusema Baba Yetu mpaka "mkate wetu wa kila siku." Kisha kioo kikapasuka pwaa! na nusu yake ikarukia kwenye sufuria ya maharage. Mchana ule tulikunywa maji, na mimi nikalala na gunia dirishani.

Baba hakukata tamaa. Alinivuta tukaenda naye Muyinga, kwa yule fundi wetu wa zamani. Mzee alitupokea kwa chai, akasikiliza kisa chote, akacheka mpaka kofia yake ikaanguka.

"Muzee, vitre ya dirisha? Non, non, non. Ile haiwezi." Akaingia nyuma ya karakana yake, tukasikia vyuma vinagongana, akarudi na kioo cha mviringo, kinene, chenye mistari. Kilikuwa kioo cha taa ya lori, lori bovu lililofia barabarani likitokea Tanzania. "Ile imezoea moto. Inakaa na taa usiku muzima, na mvua inaipiga, haipasuke. Iko solide. Mi nakutengenezea na mulango wa chuma."

"Nalo limerudi kutoka Tanzania?" baba akauliza, amekishika kioo kwa mikono miwili.

"Ego, ndiyo, muzee. Kama weye tu."

Basi baba akakipenda mara mbili zaidi.

Kilipopachikwa, tuliita watu. Ile mistari ya kioo iliukuza moto, ukaonekana mkubwa kuliko ulivyo: vijiti vya mama, vile vile vya kuchokonolea meno, vikawaka kama msitu. Na hapakuongezeka kuni hata moja! Baba alikaa mbele, mikono ameikunja, "Aha!" zake zikarudi. Jirani mmoja aliingia, akaliona jicho moja kubwa linamtolea macho kutoka kwenye kona, akauliza lori lenyewe litafika lini.

Mama peke yake hakukaa. Alitoka nje, akaenda mpaka barabarani, akasimama pale anaitazama nyumba yetu. Akarudi amekunja uso.

"Unaonekana," akasema.

"Si ndiyo shida yetu yote hiyo!" baba akafurahi. "Unaonekana!"

Mama akachukua kitenge chake cha kanisani, akakitundika mbele ya kioo kwenye kamba. Baba akakitoa. Mama akakirudisha. Hii vita ya kitenge ikaenda siku kadhaa, na mimi katikati yao nimeshika sindano, mpaka jioni moja ya baridi kali baba akasimama, akavaa koti, akavaa kofia.

"Kule Yoba hawautundikii moto nguo," akasema. Akaenda zake.

Jioni ile umeme ulikatika mtaa mzima, na ukungu ukashuka, ule ukungu wa Gitega ambao unanyoosha mkono unauaga. Mama alikaa na vijiti vyake, kitenge mbele ya jiko, mlango komeo. Mimi nina hasira za karibu, najijua, na zikapanda.

"Mama, mume wako yuko kwa watu kwa sababu ya kitenge! Ni moto tu! Una wivu na moto?"

Alikuwa anakilinganisha kijiti na kingine.

"Siku zile tunakimbia vita," akasema, "nilikuwa nimekubeba mgongoni. Ulikuwa unatetemeka, mpaka meno yako nayasikia shingoni kwangu. Watu tuliokuwa nao wakasema, tuwashe kidogo, watoto wapate joto. Nikakataa. Nikakuchukua, nikaenda kukaa mbali nao, bondeni, kwenye maji. Wao wakawasha." Akaweka kijiti chini. "Uliwaka vizuri. Nilikuwa nauona kutoka kule. Kila mtu aliuona."

Maisha yangu yote nilidhani anabana kuni.

Ndipo tukasikia kikohozi nje. Kikohozi cha baba hakifanani na cha mtu mwingine; kinaanza kama pikipiki. Lakini kilikuwa upande usio wake, kinatupita, kinateremkia bondeni, maana nyua za mtaa ule zote ni sawa hata mchana. Nikafungua mlango nikaita. Mama akaita. Masikio ya baba yalishastaafu zamani; akaitika, "Naja!" na kuzidi kwenda alikokuwa anakwenda. Simu yangu ilikuwa haina chaji. Chini kule kuna mfereji, kisha shimo la wafyatua matofali.

"Ataanguka shimoni," nikasema. "Mama, ataanguka!"

Mama akageuka. Akalitazama jiko, akautazama mlango. Akaking'oa kitenge pamoja na kamba yake. Akafungua jiko akatia kijiti, akatia kingine, akatia akiba yote, ndugu zetu wote wale wa kwenye majivu, kisha akang'oa mguu wa kigoda kibovu akatia na huo. Akapuliza. Akafunga mlango wa chuma, akaufungua wa nyumba mpaka ukagonga ukuta. Ua wote ukawa mwekundu mpaka barabarani.

Mama akasimama mlangoni, mkono kifuani. Kikohozi kikanyamaza. Tukasikia nyayo zinageuka, zinakuja, zinakuja. Halafu tukasikia sauti ya baba, amekasirika kabisa:

"Wewe dereva! Punguza mwendo! Huoni kuna mtu?"

Na chubwi! akarukia mferejini kulipisha lori.

Mama alicheka. Sijawahi kumsikia akicheka vile, kambini wala hapa; alishika mwimo wa mlango, akainama, akapiga mapaja, machozi yanamtoka, mtaa mzima unamsikia na mwanga wote umemwangukia yeye. Baba akatokea kwenye ukungu, kofia mkononi, maji mpaka magotini, mandazi ya mjane yamelowa kwenye karatasi.

"Ni nyie?" akasema. "Ni kwetu hapa?"

"Ni kwetu," mama akasema. "Ingia, mzee. Umeliponea chupuchupu lori la sebuleni."

Tukamvua viatu, tukamkalisha mbele ya kioo, miguu inatoa mvuke. Mama akavuta kigoda chake, kwa mara ya kwanza, akakaa kando yake akitazama kule kule anakotazama. Mandazi tukayakausha juu ya jiko tukala. Yalikuwa matamu, na mama alikiri, ila chumvi, akasema, imezidi.

Baridi ilikuwa inaingia kama mwenye nyumba. Nikainuka nikafunge mlango.

"Uache," mama akasema, bila kugeuza kichwa. "Acha waone tumerudi."