Petunia Zilipochanua Msimbati

Siku ya kwanza kazini, Bwana Bustani Mkuu alinimiminia kiganjani mbegu nilizodhani ni vumbi. Nikataka kuzipuliza.

"Somoe, usipumue!" akapiga kelele. "Hizo ni petunia!"

Nilikuwa nimetoka kwenye mihogo na mikorosho, nimezoea kupanda kitu kinachoshikika.

Pale Chikongola mjini, kwenye kitalu cha maua, alinifundisha kuatika, yaani kuotesha miche kwenye trei kabla ya kuihamishia bustanini. Mbegu ya petunia haifukiwi. Unaichanganya na mchanga mkavu, unainyunyiza juu ya udongo, kisha unaiweka trei ndani ya beseni la maji ili unyevu upande kutoka chini. Ukimwagia juu, umeipoteza. Mche ukirefuka kidogo, unakata ncha ili utoe matawi. Wajukuu zangu, ua hili ni ndugu wa nyanya na bilinganya! Nani angedhani?

Baadaye nikahamishiwa Msimbati, kwenye nyumba ya wageni. Huko upepo wa bahari huchoma majani kwa chumvi, na kisima chetu nacho kilikuwa cha maji chumvi. Miche yangu yote ikakauka. Meneja, mama wa Kihaya asiye na maneno mengi, akaniambia, "Somoe, jaribu tena mara moja. Petunia zikifa, tunapanda nyasi, na wewe unarudi mjini."

Nikakinga maji ya mvua kwenye mapipa. Nikasuka uzio wa makuti upande wa bahari. Nikasubiri kipupwe, jua lipungue ukali, ndipo nikahamisha miche.

Asubuhi moja nikakuta tuta zima limechanua, zambarau, waridi, nyeupe! Nikapiga vigelegele. Meneja akatoka mbio na ufagio.

"Yuko wapi?"

"Nani, Mama?"

"Nyoka!"

"Hakuna nyoka. Tazama!"

Akauangusha ufagio. Akajaribu kupiga kigelegele, kikatoka kama kikohozi, nikamfundisha palepale huku tunacheka mpaka machozi. Nilibaki Msimbati hadi nilipostaafu.

Sasa nakaa Magomeni, maua yangu yako kwenye ndoo barazani. Watu huniuliza kama sijachoka na bustani. Nimechoka mgongo tu. Leo alfajiri limechanua moja lenye mistari, ambalo sijawahi kuliona maishani. Nimemgongea jirani mlango, naye ametoka na kanga begani, na hadi sasa tumelichutamia, chai imepoa ndani.