Isale Juu ya Fomu

Kwa miaka kumi na minne Kindness Swai alikuwa mtumishi wa chuo kikuu, na kazi yake ilikuwa kupima mvua na baridi katika kituo cha utafiti kilichomo msituni, juu ya Machame, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka barabara inapokomea. Alipokezana zamu za wiki moja na mwenzake Jesse. Kipupwe cha mwaka jana mvua ilibeba daraja la magogo, Jesse akanasa kule juu siku tano. Aliteremshwa kwa machela akiwa na nimonia, na hadi leo hapandi ngazi za kanisa bila kupumzika katikati. Alihamishiwa getini. Nafasi yake haikujazwa.

Ndipo chuo kikaamua kuwaandaa watumishi kwa baridi kali. Maandalizi yenyewe yalikuwa semina ya asubuhi moja, Moshi mjini, katika ukumbi wenye feni, pamoja na kijitabu kilichonakiliwa kutoka nchi ya mbali.

"'Kwangua theluji kwenye kioo cha gari kabla ya kuondoka nyumbani,'" Jesse alisoma kwa sauti. "Kindness, gari lako umeegesha wapi? Langu naona ng'ombe kalilalia."

Ukumbi ukacheka. Kindness hakucheka, alikwisha kufika kwenye fomu ya mwisho. Ilisema kwamba aliyetia sahihi ameelimishwa, amepokea koti zito, mabuti, blanketi mbili, jiko la gesi na redio ya mawasiliano, na kwamba hatatoka kituoni hadi apokewe na mtumishi mwingine. Vitu hivyo hakuna aliyeviona hata kwa picha. Akitia sahihi, lolote litakalompata mlimani litakuwa kosa lake mwenyewe. Akairudisha fomu ikiwa tupu.

Siku tatu baadaye ilikuja barua: asiyetia sahihi amekataa kazi. Na Jumapili, baada ya ibada, akaja Godwin, afisa utawala, kijana wa kijiji kimoja na Kindness. Hakuja peke yake. Alitanguliwa na Mzee Aminieli, baba mkwe wa Kindness, ambaye kihamba chake, shamba la ukoo, ndicho kilichomhifadhi tangu alipofiwa na mume.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama Elizabeth." Mzee akaweka mezani jani la isale lililofungwa fundo. "Godwin amekukosea. Anaomba msamaha."

Kindness alihisi mlango umefungwa kwa nje. Anayeletewa isale hakatai, hata kama aliyelileta amemwaga damu ya nduguye. Waliouweka utaratibu huo walitaka koo zisimalizane. Hawakuuweka ili ofisi isiyonunua koti ijipatie sahihi ya mjane.

"Nisamehe kwa ile barua, dada," alisema Godwin, huku akiitoa fomu mfukoni. "Halafu tumalizane na hii, ripoti inaondoka kesho. Makoti yako njiani."

"Njia ipi? Mwaka jana pia yalikuwa njiani. Labda yalipishana na Jesse kwenye machela."

"Mbele ya isale hatujibizani hivyo," alionya Mzee.

"Nimekosa, Baba. Lakini mbele ya isale kosa hutajwa lote. Ndivyo ulivyotufundisha." Akamgeukia Godwin. "Taja."

Godwin alitazama jani kana kwamba limewekwa na mtu mwingine.

"Hatujanunua kitu," alisema hatimaye. "Tuliandika kwamba tumenunua."

Mzee Aminieli alimgeukia. Hilo hakuwa ameambiwa.

"Nimekusamehe," alisema Kindness, na alisema kweli. Akachukua kalamu, akakata koti, mabuti, blanketi, jiko na redio, kila kimoja kwa mstari wake, akaandika pembeni: "Nimepokea jani moja la isale, lililoletwa na afisa utawala akikiri kwamba vifaa havikununuliwa." Akatia sahihi, akamsogezea mkwewe. "Wewe ndiye shahidi, Baba."

Mzee aliyebeba isale hawezi kulikana. Akaandika jina lake, polepole, herufi kubwa. Godwin akaikunja fomu na kuondoka bila kunywa chai.

Jumatatu Kindness alipanda mlimani kwa koti la marehemu mumewe. Asingepanda, angekuwa ameacha kazi. Siku ya saba ukungu uliziba hata mti ulioko mlangoni, kipimajoto kikasoma nyuzi mbili. Alifunga mzigo wake, akakaa kitandani, akasikiliza kama kuna nyayo njiani. Ndipo akaikumbuka fomu, mstari kwa mstari. Vitu vyote alivikata. Ile sentensi ya mwisho, ya kutotoka hadi apokewe na mtumishi mwingine, ambaye chuo hakikuwa naye, aliiacha ilivyo, juu kidogo ya sahihi yake.

Akafungua mzigo, akatoa blanketi.