Nilikosea Kilio

Bantu bananiuliza namna gani mimi, Nabintu, mwanamuke wa Bukavu mwenye kuuza vitenge Kamembe, ngambo ya mupaka ku Rwanda, niko na rafiki kule kilima ya Nyakarenzo, fasi sina ndugu wala shamba. Nitaeleza. Lakini nikikasirika katikati munisamehe, juu hii habari sijawahi kuisema bila kukasirika.

Ilikuwa mwaka jana, mwezi wa tano. Papa ya Christelle alikuwa amekufa. Christelle tunauza naye meza kwa meza, kwa hiyo siwezi kukosa kilio yake. Nilipanda moto, ile pikipiki ya kulipia, nikamwambia motari anipeleke Nyakarenzo kwenye kilio. Hakuuliza kilio ya nani, na mimi sikusema. Akanishusha mbele ya nyumba yenye bashi ya bluu ya kukinga jua na viti vya plastiki, akapokea pesa yake, akashuka kilima.

Sasa mujue, kwetu Bukavu muntu hangojei kufika ndani njo alie. Unaanza ku barabara. Wenye kufiwa basikie ukiwa mbali, bajue kama uko njiani. Ukifika kimya, batasema ulikuja kukula. Basi nikaanza. Papa mwema, unatuacha na nani, papa mwenye kutupenda. Nikafungua kilemba, nikaanguka ku majani, nikagaagaa kidogo vile inafaa. Na muntu mwenye kulia hivyo hawezi tena kuuliza, pardon, hapa ni kwa nani?

Bale bantu balikuwa bananiangalia sana. Hapa Rwanda kilio ni ya kunyamaza. Bantu banakaa, banaangalia chini, mumoja anasema maneno mbili tatu. Mimi nilifikiri Christelle iko ndani, nikaongeza sauti ili anisikie. Nililia karibu dakika makumi mbili. Sauti ilipoisha, nikainua macho, nikaona picha ya marehemu ku meza. Alikuwa mwanaume wa miaka makumi ine na kitu, na masharubu nyeusi. Papa ya Christelle alikuwa na miaka makumi munane na hakuwa na jino hata moja.

Ungefanya nini? Nilibaki pale chini na aibu yangu. Mwanamuke mumoja mwembamba akaja, akanishika mukono, akanikalisha kando yake. Aliniuliza polepole, na Kiswahili ya Bugarama, kwenye alizaliwa:

"Maman, bwana yangu mulijuana wapi?"

Nikashindwa kudanganya. Nikamwambia ku sikio, "Maman, pardon. Simujui hata jina. Nilikosea nyumba."

Akainama, akafunika midomo na kitenge, mabega ikaanza kutetemeka. Nikasema moyoni, ona sasa, nimemuliza mujane wa bantu. Kumbe anacheka. Alipomaliza kucheka akafuta macho, akaniambia, "Usiende. Tangu jana hakuna muntu amelia hapa. Weye njo wa kwanza."

Njo pale nikaangalia vizuri. Viti makumi ine, bantu sita. Na kile kilima yote imejaa manyumba, moshi inatoka kwa kila muntu.

Yule mujane jina yake Uwera. Bwana yake, Munyemana, alikuwa seremala. Nusu ya milango ya pale kilima alitengeneza yeye. Kulikuwa ndoo ya bushera, ile kinywaji ya mtama, katikati ya lupango, mbele ya nyumba, na vikombe vimepangwa vizuri, lakini hakuna mwenye alikuwa anagusa. Mimi koo ilikuwa imekauka juu ya kulia. Nikaomba. Uwera akachota, akaonja mbele yangu. Njo desturi yetu sisi bote, huku na ngambo ya muto Rusizi: mwenye nyumba anaonja kwanza, mugeni ajue hakuna sumu. Kiisha akanipatia. Nilikunywa yote, nikaomba ingine. Bale bantu sita baliniangalia kama vile banaangalia muntu amepanda ku nyaya za umeme.

Mumama muzee kando yangu, Mukundwa, akanigusa. "Umekunywa?"

"Nimekunywa, na ni tamu."

"Weye haujui."

"Sijui nini, Maman?"

Akaniambia palepale, mwenye nyumba iko kiti ya tatu anasikia. Eti Uwera ni mulozi. Eti alimulisha bwana yake sumu. Nikamuuliza kama aliona. Hakuona. Nani aliona? Hakuna. Nani alisema? Ndizeye, ndugu ya marehemu. Na Ndizeye aliona? Ndizeye aliota ndoto. Munasikia? Ndoto. Ulimi haina mufupa, kweli, lakini kuna ndimi ingestahili kufungiwa ku kamba kama mbuzi. Munyemana alikufa na ugonjwa ya sukari. Miaka sita alikuwa anajidunga sindano, kilima yote inajua. Uwera alikuwa ameweka makaratasi ya hospitali ku sahani, karibu na mulango, kila mwenye kuingia asome. Nataka muniambie, ni mujane gani anaweka ugonjwa ya bwana yake ku sahani, kama mukate? Nani alimufikisha pale?

Uwera mwenyewe njo alinieleza mengine, bila kuinua sauti, na hiyo ilinikasirisha zaidi. Siku ya nane ni siku ya kuondoa kilio. Ndugu na majirani banakuja, na mujane anabapa kinywaji na mukono yake. Ndizeye alikwisha kusema mbele ya bantu: kama siku ile hakuna mwenye kupokea kikombe, basi kilima imehukumu, Uwera aache nyumba na shamba, arudi kwao. Na kwao Bugarama wazazi bake balikwisha kukufa.

"Kama muntu hata mumoja anakunywa na anabaki muzima, ingetosha," alisema.

"Mimi si nimekunywa?"

"Basi rudi siku ya nane, bakuone."

Nikasimama. Nikabaambia bote sita, na sauti ile kidogo ilikuwa imebaki, "Mimi ni Nabintu, nauza vitenge Kamembe. Siku ya nane nitakuja hapa na miguu yangu. Mupeleke habari." Halafu nikaenda kwa Christelle, nikafika bila sauti, nikabaki kunongona mbele ya jeneza ya papa yake. Christelle alininunia wiki mbili.

Siku ya tano malaria ikanipiga chini, nikalazwa hospitali Kamembe.

Hata sijui nani alipeleka habari, lakini mbele ya serumu ya mushipa kuisha ku chupa, Nyakarenzo yote ilikuwa inajua kama Mukongomani wa bushera amelazwa. Baliniambia Ndizeye alipita mulango kwa mulango. Hakusema mengi. Alikuwa anasema tu, "Mumesikia?"

Na hapa niseme neno ya haya yangu. Nikiwa pale ku kitanda, mwili inawaka, mimi mwenye nilimuaibisha muzee Mukundwa mbele ya bantu, nilimuita muganga wa hospitali, Néhémie, nikamuuliza, "Ni malaria kweli? Upime tena." Akapima tena. Jioni nikamuomba mara ya tatu. Yeye alizania niko naogopa kukufa. Nilikuwa nafikiri kile kikombe. Nikiwaza leo, najikasirikia kupita vile namukasirikia Ndizeye. Ye alikuwa anatafuta shamba. Mimi nilikuwa natafuta nini?

Siku ya sita Uwera akakuja, na miguu, kutoka Nyakarenzo mpaka Kamembe. Munajua vile tunaenda kuona mugonjwa: termosi ya chai, ndizi, supu ya samaki. Mwanamuke hawezi kuingia hospitali na mikono mitupu, ni matusi. Uwera aliingia na mikono mitupu. Akasimama mbali ya kitanda, akafungua vitanga ili bagonjwa bote baone.

"Sikuleta kitu," alisema. "Ningeleta, bangesema."

Nikamuambia asogee. Akakataa. Nikamuambia akae ku kitanda yangu, na kama kuna mwenye macho inamuuma, ageuke ku ukuta. Akakaa. Nikamuungamia ile ya kupimisha mara tatu. Akasema hata yeye, ile siku Munyemana alikata roho, alinusa sahani alimupikia. Yeye mwenyewe. Uongo ikirudiliwa sana, hata mwenye kusingiziwa anaanza kujichunguza.

Siku ya nane Néhémie alikataa kuniachilia. Nikatia sahihi karatasi yake, nikavaa kitenge yangu ya sherehe, nikapanda moto nikijishika ku mugongo ya motari kama mutoto. Nilipofika, nilizania nimekosea nyumba tena. Viti makumi ine ilikuwa imejaa, bengine balisimama mpaka ku barabara. Siku ya kulia, bantu sita. Siku ya kuona mujane anafukuzwa, kilima kizima, na nguo safi. Mungu anisamehe vile nilibachukia pale.

Ndizeye alikuwa amesimama, anaongea. Nikapita katikati ya bantu nikishika migongo ya viti. Uwera akachota. Akaonja, akanipatia.

Sasa, dawa ya malaria na tumbo tupu, munaijua. Nilipomeza ya kwanza, tumbo ikageuka. Ikapanda mpaka ku koo. Nilijua nikitapika pale, Uwera amekwisha. Bataimba ile matapiko mpaka batoto ya batoto yao. Nikafunga midomo, nikakaza macho ku uso ya Ndizeye, nikarudisha. Nikakunywa mpaka chini. Nikageuza kikombe bote baone.

"Nani mwengine?" nikauliza.

Hakuna. Halafu Mukundwa, yule muzee, akajikokota mpaka ku ndoo. "Mimi nimebakiza siku ngapi," akasema, "hata kama ni sumu." Ilikuwa jibu mubaya, lakini alikunywa. Nyuma yake akakuja mukwe wake, nyuma ya mukwe bantu ine, kiisha sikuhesabu tena. Si bote. Ndizeye alitoka bila kugusa kikombe. Lakini hakusema tena neno ya shamba, na Uwera mupaka leo analala kwake.

Sasa kila siku ya tatu napanda kule. Tunapika, tunakula mulango wazi, mimi naongea, yeye anacheka na kitenge ku midomo. Sijawahi kuwa na rafiki hivyo, hata ndugu ya tumbo moja. Lakini nikikohoa tu, namuona anaacha kutafuna.

Wiki iliyopita nilimwambia Uwera kama muganga alinikuta na tansiyo, damu yenye kupanda, eti niache chumvi, na mimi nilimucheka. Uwera hakucheka. Akaweka sahani chini.

"Nabintu, mimi sijakuomba kitu. Nakuomba hii moja, usitangulie kukufa."

Nikamuambia kukufa ni ya bote.

"Bengine bakufe vile Mungu anapenda," akasema. "Weye, hapana. Weye ukikufa, hata kama ni gari imekugonga Kamembe, hapa bataanza tena."

Nilienda nyumbani, nikamuambia binti yangu asitie tena chumvi ku chakula yangu.