Gramu Nilizozikata Hirbadaw

Nilipopangiwa kazi ya uuguzi katika zahanati ya kijiji cha Hirbadaw, binti yangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Nyumba ya watumishi ilikuwa haijaezekwa, nami nililala chumba kimoja na muuguzi mwenzangu. Nikamwacha mtoto kwa mama yangu Masasi, nikijiambia ni miezi mitatu tu. Ikawa mwaka na zaidi.

Kila Jumapili baada ya ibada nilipanda kilima nyuma ya zahanati, mahali pekee palipokuwa na mtandao, nikampigia mama.

"Kliniki mlienda? Ana kilo ngapi?"

"Kumi."

"Kumi na ngapi, mama? Soma kwenye kadi."

"Wameandika kumi, mwanangu. Basi."

Nilishuka nikiwa na hasira na muuguzi wa Masasi nisiyemjua. Kumi ingeweza kuwa ya mtoto yeyote. Nilitaka ile tarakimu ya baada ya nukta, kwa sababu humo ndimo ulimokuwa uji aliomaliza na homa iliyompitia bila mimi kuwapo.

Na mimi nilikuwa nafanya hivyohivyo. Siku za kliniki akina mama walitoka mbali na foleni ilizunguka jengo. Mhudumu wetu, mama wa makamo mzaliwa wa pale, aliwaning'iniza watoto kwenye mizani, akasoma uzito kwa sauti na kuuandika kwenye daftari lake. Mimi nilijaza kadi. Akisema saba nukta nne, naandika saba. Akisema sita nukta sita, naandika saba. Tano na kuendelea unapanda, chini ya tano unashuka, ndivyo tulivyofundishwa shuleni. Kadi ilikuwa safi na foleni ilikwenda.

Siku moja alikuja bibi mmoja na mjukuu wake wa miezi tisa. Mama wa mtoto alikuwa shambani akivuna.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Huyu mtoto anapungua."

Nilitazama kadi. Mwezi wa juzi saba, mwezi uliopita saba. Mhudumu alikuwa ameshampima, na kalamu yangu ilikuwa inaandika saba nyingine.

"Hajapungua, bibi. Tazama, ni saba tu."

"Mimi nambeba mgongoni kila siku," alisema taratibu. "Wewe unambeba siku gani?"

Swali lake lilinipeleka Masasi moja kwa moja, kwa mtoto nisiyembeba siku yoyote. Mhudumu alifunua daftari lake, akaniwekea kidole. Saba nukta nne. Saba nukta sifuri. Leo, sita nukta sita. Gramu mia nane zilikuwa zimepotea kwa miezi miwili, na kwenye kadi yangu hakikuonekana kitu.

Nilishtuka hadi nikaingia kosa la upande wa pili. Nilimpima mara tatu nikapata sita nukta sita, sita nukta saba, sita nukta sita. Nikatafuta wastani kwa simu, na kwenye karatasi ya rufaa nikaandika 6.6333. Mganga mfawidhi, msimamizi wetu, aliisoma akaniita.

"Hizi tatu za mwisho umezitoa wapi?"

"Kwenye hesabu, daktari."

"Zimetoka kwenye simu. Mizani yetu ina vistari vya gramu mia mia, haioni zaidi ya hapo. Andika sita nukta sita. Tarakimu yenye maana ni ile uliyoipima kweli. Hiyo usiikate, na usiizidishie."

Niliandika. Kisha nikamwomba bibi msamaha. Alinipokea mkono, akamfunga mtoto mgongoni, na gari la wagonjwa likawachukua hadi hospitali ya wilaya. Walikaa huko wiki tatu. Waliporudi mizani ilisoma saba nukta moja, na safari hii mhudumu aliitaja kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Jioni nyingi zilizofuata tulikaa naye na daftari lake, tukasahihisha kila kadi iliyopita mikononi mwangu, baada ya kuwaomba akina mama watuachie kwa usiku mmoja. Tuliwapata watoto wengine wawili wa kufuatilia.

Likizo ilipotoka nilisafiri siku mbili hadi Masasi. Binti yangu alijificha nyuma ya kanga ya mama, akanichungulia kama mgeni.

"Mwamkie mama yako," mama alimwambia.

"Shikamoo," alisema, kwa heshima ile ile anayompa jirani.

Siku ya nne alisinzia mapajani mwangu akiwa na kipande cha muhogo mkononi. Miguu ilinifa ganzi, nami sikusogea. Mama alipouliza kama anisaidie kumlaza, nilimwambia amwache kwanza.