Simu ya Mama wa Nchi ya Barafu

Nakumbuka Jumapili moja pale mtaa wa Guildford, mwanangu, na hata leo nikiisimulia nashikwa na hasira. Nilikuwa msichana mwenye haya, elimu yangu darasa la saba, nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Siku hiyo shifti yangu ilikuwa kwa mzee mmoja wa Kizungu, aliyewahi kusafiri hadi kaskazini kabisa ya dunia, akaishi miaka mingi na Wainuit, wenyeji wa nchi ile ya barafu, na kuandika vitabu juu ya mila zao.

Alipenda kunieleza. Alisema Wainuit humpa mtu jina la marehemu, na tangu hapo ndugu wa marehemu humhesabu kuwa ni yule yule. Yeye mwenyewe alipewa jina la kijana aliyekufa. Mama wa kijana akawa anamwita mwanangu, akamshonea buti za ngozi ya sili, mnyama wa bahari ya huko, akamlisha kwa mkono alipougua. Nikamwambia hata bibi yangu aliniita mama, kwa kuwa nina jina la mama yake. Nikamuuliza alirudi lini kumwona yule mama. Hakuwahi kurudi. Utafiti ulikuwa umekwisha, basi.

Mchana simu ikalia, akaiweka kwenye spika. Alikuwa mjukuu wa yule mama, anazungumza Kiingereza. Alisema bibi yake yu mahututi, na ameomba jambo moja tu: asikie mwanawe akimwita mama.

Unajua alifanya nini? Aliniashiria nimletee rekoda, ile mashine ya kunasia sauti, akaiwasha.

Kikongwe akaanza kusema kwa lugha yao, akivuta pumzi kila neno. Mzee akamkatiza, akauliza kitu, akauliza tena. Mjukuu akaingia kati.

"Bibi anakuaga, wewe unamuuliza maana ya neno?"

Akajibu kwamba neno lile ni adimu, hajawahi kulirekodi.

Haya zangu zikaniishia hapo. Nikaizima ile mashine.

"Mzee, mwite mama. Mwite sasa hivi."

Akanifokea kwamba mimi ni mfanyakazi tu, nirudi jikoni. Tukiwa bado tunabishana, mjukuu akasema taratibu, "Bibi amelirudisha kwake jina la mwanawe alilokupa. Usilitumie tena."

Simu ikakatika. Mzee alipiga na kupiga, hakuna aliyepokea. Kesho yake akanishtaki kwa wakubwa wangu wa kazi, wakanihamishia mtaa wa Doonside, kwa wazee wengine. Sikujuta.

Sasa nasikia vijana mnapita kwa wazee wetu huko Macquarie Fields na simu zenu, mnarekodi nyimbo na hadithi kwa ajili ya masomo. Rekodini, sikatai. Lakini mzee akikuita mwanangu, jua amekupa kazi ya mtoto. Mwitikie. Rudi kumjulia hali hata kama umeshapata alama zako. Kama huwezi, mwambie tangu mlangoni kwamba wewe ni mpita njia, asije akakungoja.

Mungu akupe moyo wa kuitika, mwanangu. Na siku utakayoita wewe, asikose wa kukuitikia.